Tunatoka Njombe kwenda Mafia likizo ya Pasaka: watoto wanywe dawa gani ya malaria?

"Daktari, habari za kazi. Tunaishi Njombe mjini. Likizo ya Pasaka tumepanga kuwapeleka watoto Mafia kwa siku tano, maana hawajawahi kuiona bahari. Wapo watatu: wa miaka tisa, wa miaka mitano, na mdogo wa mwaka mmoja na miezi miwili ambaye bado ananyonya. Mume wangu amekulia Ifakara. Anasema malaria ameiugua tangu utotoni, mwili umeshaizoea, na dawa za kujikinga ni za wazungu. Jirani ananishauri niwape watoto dozi ya mseto siku ya kuondoka na nyingine tukirudi. Dada wa duka la dawa amesema SP inatosha. Nimechanganyikiwa. Tunywe nini, au niahirishe safari mpaka huyu mdogo akue?"

Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukata tiketi. Wasiwasi wako una msingi, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu familia nyingi za huku nyanda za juu zinashuka pwani kila likizo bila mtu wa kuwaeleza jambo hili. Kwa kifupi: kwa upande wa malaria, watoto wako wanaotoka Njombe hawana tofauti yoyote na mtoto aliyeshuka kwenye ndege kutoka Norway. Wote wanahitaji kinga ileile. Na ugonjwa, kama utakuja, hautakuja mkiwa Mafia. Utakuja mkiwa mmesharudi nyumbani, mmefua nguo na watoto wamerudi shule.

Nianze na hoja ya shemeji, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mtu anayeishi sehemu yenye malaria, akaumwa na mbu wenye vimelea mwaka hadi mwaka, mwili wake hujifunza kupambana nao. Hazuii maambukizi kabisa, ila anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na bado akaenda shambani. Kinga hiyo inapatikana kwa gharama kubwa, ndiyo maana katika maeneo hayo wanaokufa zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, ambao bado hawajaipata. Lakini haikai milele. Inahitaji kukumbushwa na maambukizi mapya. Mtu akihamia mahali pasipo na malaria akakaa miaka kadhaa, inapungua, na siku akirudi bondeni anaweza kuugua vibaya. Shemeji amekulia Ifakara, sawa, lakini sasa analala Njombe, mahali ambapo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa chini ya asilimia 1 ya watoto wadogo, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 8. Mwili wake umekaa muda mrefu bila kukumbushwa. Wewe na watoto hamjawahi kuwa na kinga hiyo hata kidogo, na yeye hawezi kuwarithisha wanawe.

Kwa hiyo dawa za kujikinga si za wazungu. Ni za mtu yeyote anayetoka mahali pasipo na malaria kwenda mahali palipo nayo. Mzungu anazitumia kwa sababu kwao kuna kliniki ya wasafiri inayomwambia. Huku kwetu hakuna anayetuambia, kwa kuwa inadhaniwa Mtanzania ni Mtanzania, awe wa Makete huku juu au wa Kibiti kule pwani.

Sasa tuone kimelea kinavyofanya kazi, maana ukielewa hapo utaweza kumjibu jirani na dada wa dukani bila kunihitaji. Mbu jike wa malaria anauma usiku, kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri, zaidi usiku wa manane. Anapouma anaingiza vimelea vichache sana. Ndani ya muda mfupi vinakimbilia kwenye ini na kujificha humo takriban wiki moja, vikizaliana kimyakimya. Katika wiki hiyo mtoto anacheza, anakula, na ukimpima damu utaambiwa hana kitu, kwa kuwa kwenye damu kweli hakuna kitu. Baada ya hapo vinatoka kwenye ini kwa maelfu, vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na hapo ndipo homa inapoanza. Kwa kawaida ni kati ya siku ya tisa na ya kumi na nne tangu mbu aume, mara chache siku ya saba, na kwa wengine wiki kadhaa baadaye. Safari yenu ni ya siku tano. Hesabu mwenyewe utaona homa itawakuta wapi.

Mseto, yaani ALu, mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, ni dawa nzuri sana ya kutibu, na naomba tuiheshimu kwa kazi hiyo. Inaua vimelea vilivyo kwenye damu. Vilivyo kwenye ini haivigusi. Dozi ya siku ya kuondoka inaingia mwilini wakati hakuna chochote cha kuua. Sehemu moja ya dawa hiyo inaisha mwilini kwa saa chache tu, na nyingine hubaki siku kadhaa huku ikipungua. Dozi ya siku ya kurudi inakuta vimelea vya mbu wa jana na juzi vikiwa bado ndani ya ini, na vinapotoka vinaweza kukuta dawa imebaki kidogo, isiyotosha kuvimaliza. Hapo umepata hasara mbili. Mtoto anaweza kuugua kwa kuchelewa, wakati mmeshasahau habari za Mafia. Tena vimelea vinavyokutana na dawa pungufu ndivyo vinavyojifunza kuizoea, na tayari kule Kagera wamethibitisha vimelea vilivyoanza kustahimili kiambato kikuu cha mseto. Hatuna dawa nyingine nzuri iliyojaa kabatini ya kuchukua nafasi yake.

SP nayo, yaani vidonge vya salfadoksini na pairimethamini, ina historia yake. Mwaka 2001 ndiyo iliyochukua nafasi ya klorokwini kama dawa ya kwanza ya kutibu malaria nchini, na kufikia mwisho wa 2006 mseto ukaanza kuchukua nafasi yake kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Leo utaikuta kliniki ya wajawazito, wanakopewa kwa utaratibu maalumu. Kwa msafiri mtoto anayetoka Njombe, SP haitoshi. Na klorokwini, kama kuna mzee atakayekutajia, haifai kabisa kwa malaria ya hapa kwetu.

Dawa zinazofaa kwa safari kama yenu ni tatu, na nitakueleza kila moja kwa uaminifu.

Ya kwanza ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, ambao wengi wanaujua kwa jina la Malarone. Hii ndiyo ningeichagua kwa watoto wako wote watatu. Inaua vimelea vikiwa bado kwenye ini, ndiyo maana unaanza siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria, unakunywa kila siku mkiwa huko, na unaendelea siku saba tu baada ya kuondoka. Kuna vidonge vidogo vya watoto, na dozi inapangwa kwa uzito, haipangwi kwa umri. Huyo mdogo wa miezi kumi na minne yumkini ana kilo tisa au kumi, na kwa uzito huo daktari hukata sehemu ya kidonge cha mtoto, kwa hiyo usikisie mwenyewe. Ubaya wake ni bei, na pia haipatikani kila duka. Anza kuulizia mapema kwenye famasi kubwa za mjini, hata Mbeya au Dar es Salaam.

Ya pili ni doksisaiklini. Ni rahisi na inapatikana kila mahali. Shemeji anaweza kuitumia vizuri. Huanza siku moja au mbili kabla, kila siku, na inaendelea wiki nne baada ya kurudi, kwa sababu yenyewe inasubiri vimelea kwenye damu. Hizo wiki nne ndizo zinazowashinda watu. Wakifika nyumbani wanaacha. Inywewe na chakula na maji mengi, na mtu asilale palepale, la sivyo inachoma koo la chakula. Pia inaifanya ngozi iungue haraka na jua, jambo la kufikiria mnapokwenda ufukweni. Haifai kwa mjamzito, na wewe unayenyonyesha nisingekupa. Kwa mtoto, wataalamu wengine huiruhusu kuanzia miaka minane, wengine kumi na miwili, kwa hiyo hata huyo mkubwa ningemwachia Malarone kama inapatikana.

Ya tatu ni meflokwini, mara moja kwa wiki. Inafaa hata kwa mtoto mdogo mwenye kilo tano na kuendelea, na kwa mama anayenyonyesha. Lakini inatakiwa kuanza wiki mbili au tatu kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kurudi, na haifai kabisa kwa mwenye kifafa au aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili. Baadhi ya watu inawaletea ndoto mbaya na hofu. Kwa safari ya siku tano, kwangu ni ya akiba.

Kuna jambo akina mama wengi hawalijui: dawa utakayokunywa wewe haimkingi mtoto anayenyonya. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Anahitaji dozi yake mwenyewe.

Namna ya kumpa nayo ina ufundi. Malarone inaingia vizuri ikienda na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Kiponde kipande cha kidonge kati ya vijiko viwili, changanya na uji wa maziwa kijiko kimoja tu, mpe hicho kwanza, halafu ndipo umpe uji uliobaki. Ukichanganya kwenye bakuli zima atakula nusu na hutajua amepata kiasi gani. Akitapika ndani ya saa moja, rudia dozi. Kwa sababu hiyo panga muda wa dawa uwe chakula cha jioni, siku zote. Boti ya kutoka Nyamisati, upande wa bara, kwenda Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, huchukua saa kadhaa baharini, na mtoto aliyekunywa dawa asubuhi kabla ya kupanda ataimwagia bahari.

Nimetaja Nyamisati kwa makusudi. Watu huanza kujikinga wakishafika kisiwani, wakati barabara nzima kuanzia Mikumi mpaka delta ya Rufiji ni eneo la malaria. Mkilala Morogoro, Dar es Salaam au Kibiti kusubiri usafiri, huo nao ni usiku wa mbu. Siku ya kuanza dawa ihesabiwe kutoka hapo.

Hakuna dawa inayokinga kwa asilimia mia, kwa hiyo chandarua kinabaki palepale. Beba chenu chenye dawa hata kama nyumba ya wageni wamesema wanacho. Kitundike kabla ya magharibi, kingo zake zote zisukumwe chini ya godoro, kisha pitisha tochi ndani kutafuta matundu na mbu aliyeingia mapema. Mtoto asilale akiwa amegusa wavu, maana mbu anauma kupitia humohumo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni wavae suruali na mikono mirefu. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET inaruhusiwa kwa mtoto aliyezidi miezi miwili. Ipake wewe mwenyewe, usimpake viganjani kwa kuwa ataviweka mdomoni, na mchana kama mnapaka losheni ya jua, losheni itangulie, ya mbu ifuate. Nasema mchana kwa sababu kuna mbu wengine wanaouma mchana na kuleta dengue, homa iliyowahi kuisumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Ndiyo maana mtoto akipata homa nataka umpe parasetamoli peke yake. Aibuprofeni na aspirini ziache mpaka dengue iondolewe, kwa sababu zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Sasa swali la kuahirisha, na hapa nitasema ninachofikiri. Pasaka inaangukia katikati ya masika. Mvua ni kubwa, madimbwi ni mengi, baadhi ya hoteli za Mafia hufunga Aprili na Mei, na bahari huchafuka. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia kwenyewe. Vimbunga ni nadra pwani yetu, lakini taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zifuatilieni kila siku ya wiki ya safari, na boti ikizuiwa kuondoka msitafute mwenye dau atakayewavusha. Wengi wangekuambia subiri likizo ya Juni. Mimi siifurahii sana Juni kwa upande wa malaria, kwa sababu mbu waliozaliwa na masika ndio wanaouma wakati huo na wagonjwa huwa wengi baada ya mvua kuisha. Tena upepo wa kusi unakuwa mkali. Likizo ndefu ya Desemba ni nzuri zaidi kwenu: bahari ni tulivu, papa potwe wanaonekana karibu na Kilindoni, na mdogo atakuwa amekaribia miaka miwili. Malaria bado ipo Desemba, na dawa mtahitaji vilevile.

Kama ni familia yangu ningeamua hivi: mkipata Malarone ya watoto wote watatu, imepangwa na daktari kwa uzito, nendeni Pasaka. Mkikosa ya huyo mdogo, sogezeni safari. Msimpeleke kwa matumaini ya chandarua peke yake. Mtoto wa umri huo asiye na kinga anaweza kutoka kwenye homa ya asubuhi hadi degedege usiku wa siku hiyohiyo.

Mkienda, laleni kisiwa kikubwa, Utende au Kilindoni. Visiwa vidogo vya Chole na Juani ni pazuri sana kwa kutembea mchana, lakini kutoka huko usiku na mtoto mgonjwa kunategemea maji kujaa na mwenye boti kupatikana, wakati kutoka Utende hospitali ya wilaya Kilindoni ni mwendo mfupi wa gari. Kwenye boti kila mtoto avae jaketi la kujiokolea linalomtosha. La mtu mzima humvuka kichwani mtoto akiingia majini. Bebeni ORS na zinki, maana kuhara kutawapata watoto kabla ya malaria. Kwenye miamba wavae viatu.

Halafu mrudi nyumbani, na hapa ndipo nataka uwe macho kuliko wakati wote. Ninawapokea watoto wa huku juu waliofika wakiwa wamelegea, wameshapewa dawa ya mkojo, kisha ya taifodi, kisha ya mafua, na hakuna aliyemuuliza mama walikuwa wapi wiki mbili zilizopita. Mhudumu wa Njombe anaona malaria kwa nadra, haimjii akilini upesi. Ni kazi yako kumwambia. Homa yoyote kwa yeyote kati yenu, wewe na mume wako mkiwemo, kuanzia siku ya saba tangu mfike eneo la malaria hadi miezi mitatu baada ya kurudi, na hasa mwezi wa kwanza, nenda mkapimwe siku hiyohiyo, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Tulikuwa Mafia." Fanya hivyo hata kama mmekunywa dawa zote.

Kipimo cha kwanza kikisema hakuna, na homa ikaendelea, rudini kesho yake na kesho kutwa. Vimelea vikiwa vichache kipimo huvikosa. Na hii ni sababu nyingine ya kumkatalia jirani: aliyeugua malaria akanywa mseto, kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kusoma ana malaria kwa wiki kadhaa ingawa amepona, na hapo mhudumu hajui tena anaangalia ugonjwa mpya au kivuli cha ule wa zamani. Itabidi apime kwa hadubini. Ikithibitika ni malaria, mseto sasa ndio wakati wake: dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, kila moja na chakula au maziwa, zote zimalizike hata homa ikishuka siku ya kwanza.

Usisubiri asubuhi mtoto akiwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilala bila kuamka vizuri, akipumua kwa kasi, viganja vikiwa vyeupe, macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti hospitali, si kidonge. Ukisikia mtu akisema mwenye degedege hachomwi sindano, kwamba ni jambo la kutibiwa kienyeji, usibishane naye. Chukua mtoto muende.

Wiki hii fanya mambo mawili. Wapime watoto uzito kliniki, uandike. Kisha nenda kwa daktari na uzito huo, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na umwambie kama kuna mtoto mwenye selimundu, kifafa, ugonjwa wa figo au anayetumia dawa nyingine, na kama wewe mwenyewe kuna uwezekano kwamba ni mjamzito. Ukiwa mjamzito, Malarone haitakufaa, na malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mimba. Hapo ningekuomba usubiri mpaka ujifungue, bila kujali mengine yote. Mume wako nenda naye, asikie mwenyewe habari ya kinga ya Ifakara.